Nta, Udongo na Injini ya Ndege

Njia kongwe za kukipa kitu kigumu umbo ni tatu. Ya kwanza ni kupunguza: mchongaji anaondoa mti au jiwe asilolitaka mpaka kinyago kibaki peke yake. Ya pili ni kusukuma: mhunzi analaza chuma chekundu juu ya fuawe na kukipiga mpaka kitii. Ya tatu ni kujaza: unakiyeyusha kitu, unakimimina mahali palipo na umbo unalolitaka, unangoja kigande. Hii ya tatu inaitwa kusubu, na chombo chenye lile umbo kinaitwa kalibu.

Nataka tuifuate njia hiyo ya tatu taratibu, kwa sababu imebeba historia inayokwenda kinyume na ile tuliyozoea kusimuliwa. Tumezoea kuambiwa kwamba binadamu alivumbua vitu kwa kuwa alivihitaji, shoka la kukatia mti, jembe la kulimia, mkuki wa kuwindia, na kwamba alipokwisha kushiba na kupata nafasi ndipo akakumbuka kujipamba. Metali zinasema vingine. Namna ngumu kuliko zote za kusubu, ambayo leo inatengeneza kipande kinachoteseka kuliko vyote ndani ya injini ya ndege, ilianzia kwenye mapambo, ikakomalia kwenye sanamu, na kwa miaka elfu kadhaa huko ndiko ilikokuwa na kazi yake kubwa.

Tuanze na kalibu iliyo rahisi kabisa. Chora umbo la msalaba kwenye udongo, lichimbe kidogo, mimina shaba, ngoja. Hivyo ndivyo ilivyosubiwa misalaba ya shaba ya Katanga, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mali na fedha ya watu wa kusini-mashariki mwa Kongo. Upande uliolala udongoni unapata umbo. Upande ulioelekea hewani unabaki tambarare, kwa kuwa kimiminika kikiachwa wazi hujisawazisha chenyewe. Kwa shoka au msalaba, inatosha. Ukitaka pande zote mbili ziwe na umbo, unatengeneza kalibu ya vipande viwili vinavyokutana, unamimina kupitia tundu, kisha unavitenganisha.

Sasa jaribu kusubu kichwa cha mtu mwenye masikio, pua na nywele zilizosukwa. Unachonga kielelezo, unakibana katikati ya vipande viwili vya udongo ili uchukue umbo lake, halafu unataka kukitoa. Hakitoki. Udongo umeingia nyuma ya sikio, chini ya kidevu, katikati ya mistari ya nywele. Ukikivuta, unaharibu kalibu. Usipokivuta, huna pa kumiminia. Kielelezo lazima kitoke na umbo lazima libaki, na vitu hivyo viwili vinagombana.

Kuna mtu, au watu, waliolitatua hilo miaka elfu sita iliyopita. Walisema, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba kielelezo si lazima kitoke kikiwa kigumu. Kinaweza kutoka kikiwa kimiminika.

Angalia vitu vitatu: nta ya nyuki, udongo, na shaba. Nta imejengwa kwa molekuli ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu, na kinachozishikanisha ni mvuto dhaifu sana. Joto dogo linatosha kuzitenganisha: nta inalainika kiganjani na inayeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi za Selsiasi. Ikiungua, haiachi majivu ya kusumbua. Atomi za shaba zimefungamana kwa nguvu zaidi, kwa elektroni zinazozunguka kati yake zote kwa pamoja, na kifungo hicho hakiachii mpaka nyuzi 1,085. Udongo wa mfinyanzi una tabia yake. Ukifika nyuzi 500 au 600, maji yaliyo sehemu ya madini yake yenyewe, mbali na unyevu wa kawaida, hutoka na hayarudi. Tangu hapo hauwezi tena kulainishwa kwa maji, na udongo mzuri utastahimili joto kupita lile la kuyeyusha shaba.

Vipange vitu hivyo kwa joto lake. Nta inaondoka kwanza, udongo unaiva baadaye, shaba inaingia mwisho. Ufundi wote umekaa katika mfuatano huo, na ndiyo maana hauwezi kugeuzwa wala kurukwa hatua.

Fundi anayetaka kichwa kilicho wazi ndani anaanza na kiini cha udongo chenye umbo la jumla la kichwa. Juu yake anatandaza nta, kwa unene ule ule anaotaka shaba iwe nao. Kwenye nta ndiko anakofanya kazi yake yote ya sanaa: kope, mikunjo ya midomo, mistari ya nywele. Kwa kuwa nta inapokea kila mguso, hata alama ya kidole chake itabaki kwenye shaba. Kisha anaongeza vijiti vya nta, kimoja kinene kitakachoacha njia ya kumiminia, vingine vyembamba vitakavyoacha njia za kutokea hewa. Anapitisha pini za metali kutoka nje hadi ndani ya kiini, ili nta ikishaondoka kiini kisianguke upande mmoja. Halafu anaanza kupaka udongo.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kila tabaka lina sababu. La kwanza ni udongo laini mno, uliochujwa, kwa kuwa ndilo litakalogusa shaba na kunakili kila mstari. Yanayofuata ni ya udongo wa chenga, uliochanganywa na mkaa uliosagwa, makapi au samadi. Kalibu ikichomwa, makapi yanaungua na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika, na kupitia humo hewa na gesi vinapata pa kupenyea wakati shaba inaingia kwa kasi. Bila vitundu hivyo, hewa inanaswa kwenye pembe na sanamu inatoka haina pua. Maji nayo ni hatari zaidi kuliko hewa. Yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na unyevu mdogo uliosahaulika ndani ya udongo unaweza kuilipua kalibu usoni mwa fundi. Ndiyo maana kalibu hukaushwa bila haraka, huchomwa, nta ikamwagika nje, na shaba humiminwa kalibu ikiwa bado ya moto.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Shaba ikiganda, ujazo wake unapungua kwa asilimia 4 hadi 5. Sehemu nyembamba zinaganda kwanza, zile nene mwisho, na zile nene zinapopungua zinatafuta shaba ya kujazia pengo. Zikiikosa, linabaki tundu ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa sababu hiyo njia ya kumiminia hufanywa nene: ibaki kimiminika hadi mwisho, ilishe kichwa kizima, kisha ikatwe na kutupwa. Na kwa sababu hiyo kichwa huachwa wazi ndani, ili unene uwe mmoja kila mahali. Kubana matumizi ya shaba ni faida ya ziada.

Mwisho kalibu inavunjwa. Nta imekwisha kwenda, udongo umevunjika, na kilichobaki ni kimoja tu duniani.

Kimoja kati ya vitu vya zamani zaidi vinavyojulikana kutengenezwa kwa njia hii ya nta kilitoka Mehrgarh, huko Baluchistan, katika Pakistan ya leo. Ni hirizi ya shaba yenye umbo la gurudumu la matindi sita, upana wake ni kama sentimita 2. Ina umri wa miaka 6,000 hivi. Shaba yake yote imekwisha kugeuka kutu, na ukiitazama kwa hadubini ya kawaida unaona kitu kimoja kisicho na habari. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa waliimulika katika maabara ya SOLEIL karibu na Paris na kupima mwanga ambao kutu yenyewe inautoa baada ya kumulikwa. Ukajitokeza mpangilio wa vijiti vidogo mno, kivuli cha metali iliyokuwepo zamani. Wakausoma hivi: shaba ilikuwa safi karibu kabisa, wakati wa kuyeyushwa ilinyonya oksijeni kidogo, na ilipoganda shaba na oksidi yake vikapangana kwa pamoja kwa namna inayotokea tu pale metali inapotoka kwenye hali ya kimiminika. Umbo la gurudumu nalo linaonyesha vijiti vya nta vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, kisha vyote vikawa shaba moja. Fundi asiyejua kuandika aliacha maelezo ya kazi yake ndani ya kipande kinachotosha juu ya ukucha wa kidole gumba, nayo yakasubiri miaka elfu sita yasomwe.

Hirizi moja ingeweza kuwa ajali. Mwaka 1961, katika pango la Nahal Mishmar kwenye miamba ya magharibi mwa Bahari ya Chumvi, watafiti wa mambo ya kale walikuta zaidi ya vitu 400, karibu vyote vya shaba, vilivyofungwa ndani ya mkeka. Vina umri unaokaribiana na ule wa hirizi ya Mehrgarh. Kuna mataji yenye ndege wamesimama ukingoni, vichwa vya marungu, fimbo zenye vichwa vya mbuzi-mwitu. Vingi vilisubiwa kwa nta, kwa shaba iliyochanganyika na aseniki na antimoni, na madini ya namna hiyo hayapatikani karibu. Inaaminika yalitoka mbali kaskazini, Anatolia au Kaukazi. Sasa linganisha na shoka na patasi za watu hao hao, wa zama hizo hizo. Ni za shaba tupu iliyoyeyushwa kutoka mawe ya jirani, ikamiminwa katika kalibu za wazi, ikanyooshwa kwa nyundo.

Tafakari maana yake. Watu hawa walikuwa na namna mbili za kufanya kazi ya metali kwa wakati mmoja. Ile ya shida, ya gharama, yenye maarifa mengi, waliitumia kwa vitu visivyokata wala kulima. Ile nyepesi wakaiachia zana.

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa kina zaidi ni Cyril Stanley Smith, mwanasayansi wa metali aliyezaliwa Uingereza mwaka 1903 na kufanya kazi Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliongoza kazi za metali huko Los Alamos, mahali lilipotengenezwa bomu la atomiki. Hakuwa mtu wa kuota ndoto juu ya sanaa. Lakini baada ya vita alianza kuzunguka kwenye makumbusho akiwa na jicho la mtaalamu wa maabara, akachunguza panga za Japani, vyombo vya bronzi vya China, mikufu na vifungo, na akafikia hoja ambayo aliitetea hadi alipofariki mwaka 1992: kwamba karibu kila tabia ya metali na udongo ambayo viwanda vinaitegemea iligunduliwa kwanza na watu waliokuwa wakitafuta uzuri.

Hoja hiyo naikubali kwa sababu moja inayotokana na metali yenyewe. Shoka linauliza swali moja tu: unakata? Likikata, mtengenezaji hana sababu ya kubadili chochote, na ana sababu nyingi za kuogopa kubadili, maana shoka likivunjika kazi inalala. Pambo linauliza maswali mengi kwa pamoja. Rangi yake ikoje ikiongezwa aseniki kidogo? Kwa nini hii imemiminika mpaka kwenye ncha ya bawa la ndege na ile imegandia njiani? Kwa nini uso huu unang'aa na ule umepauka? Aseniki inaifanya shaba iyeyuke kwa joto la chini zaidi na iende mbali zaidi ndani ya kalibu, na inaigeuza rangi kuelekea fedha. Fundi aliyeifuata rangi aliipata na ile tabia ya kumiminika, bila kuitafuta. Kwa macho ndivyo alivyofanya kemia.

Udongo una ushahidi wa zamani zaidi. Huko Dolní Věstonice, katika Jamhuri ya Cheki, mwaka 1925 ilipatikana sanamu ndogo ya mwanamke, urefu wake sentimita 11 hivi, ya udongo uliochomwa, yenye umri wa miaka zaidi ya 25,000. Maelfu ya vipande vya sanamu za wanyama yamepatikana hapo pia. Vyungu vya kale kabisa vinavyojulikana, vile vya China, ni vya miaka elfu kadhaa baadaye. Binadamu alijua kuuchoma udongo ukawa jiwe, akautumia kutengenezea dubu na simba na wanawake, muda mrefu kabla ya kuwaza kupikia ndani yake.

Kwa upande wa kusubu kwa nta, ni vigumu kutaja mahali palipofika mbali kuliko Nigeria. Huko Igbo-Ukwu, mwaka 1938, mtu aliyekuwa akichimba kisima cha kuhifadhia maji nyumbani kwake alikutana na vyombo vya bronzi ambavyo baadaye vilikuja kupimwa kuwa vya karne ya 9 au ya 10. Kimoja ni mtungi uliozungushiwa wavu wa kamba, na kamba zenyewe, kila uzi na kila fundo, ni bronzi. Vingine vimejaa wadudu wadogo, panzi na mbawakawa, waliokaa juu ya chombo kana kwamba wametua. Mwaka huo huo wa 1938, mjini Ife, wachimbaji wa msingi wa nyumba karibu na jumba la mfalme walikuta vichwa zaidi ya kumi, vyenye ukubwa wa mtu halisi, vilivyosubiwa kati ya karne ya 12 na ya 15, unene wa ukuta wake ukiwa milimita chache tu.

Baadhi ya kazi za Ife ni za shaba karibu tupu, na hilo linamshangaza kila anayejua kusubu. Shaba tupu inayeyuka kwa shida, inanyonya gesi ikiwa kimiminika na kuitema inapoganda, hivyo inajaa mapovu, na inaanza kuganda kabla haijafika mwisho wa kalibu. Ndiyo sababu mafundi wengi duniani huongeza bati au zinki. Mafundi wa Ife walijua mchanganyiko huo, maana walikuwa na kazi nyingine za shaba ya zinki, na bado mara nyingine walichagua njia ngumu, pengine kwa ajili ya wekundu wake. Mwaka 1910 msomi Mjerumani Leo Frobenius alipoona sanaa ya Ife, aliamua kwamba haiwezi kuwa ya Waafrika na akaihusisha na kisiwa cha hadithi cha Atlantis. Inauma kulisoma hilo hata leo. Mtu alikuwa na ushahidi wa sayansi ya hali ya juu mkononi mwake, akaukataa kwa sababu ya rangi ya waliouacha. Kwetu pwani pia sanaa ya shaba ilipewa heshima ya juu: siwa ya shaba iliyo katika Makumbusho ya Lamu, baragumu refu linalopulizwa ubavuni, ilikuwa alama ya mamlaka na ya sherehe kubwa.

Ulaya nayo ina kisa chake, na nakileta kwa sababu kinafundisha kemia. Mwaka 1545 Cosimo wa Kwanza, mtawala wa Florence, alimwagiza sonara Benvenuto Cellini sanamu ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Ilizinduliwa mwaka 1554 na ipo mpaka leo. Cellini ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba siku ya kusubu alishikwa na homa akaenda kulala, akaamshwa na habari kwamba metali imeanza kuganda ndani ya tanuri. Akaongeza kuni za mwaloni, akatupia bati, na ilipoonekana bado haiendi akaagiza sahani na vyombo vyote vya bati vya nyumbani, kama mia mbili, vitumbukizwe. Metali ikalegea, kalibu ikajaa.

Cellini alilieleza tukio hilo karibu kama muujiza, lakini tunaweza kulieleza kwa atomi. Bati safi linayeyuka kwenye nyuzi 232. Atomi zake ni kubwa kuliko za shaba, na zikiingia katikati zinaivuruga safu ambayo atomi za shaba zingetaka kujipanga. Kuganda ni kujipanga, na safu iliyovurugwa inahitaji joto lishuke zaidi kabla haijatulia. Shaba yenye asilimia 10 ya bati inaanza kuganda karibu na nyuzi 1,000, wakati shaba tupu inaganda kwenye 1,085. Tanuri yake haikuhitaji kuwa na moto zaidi. Metali ndiyo iliyokubali moto uliokuwepo.

Halafu njia hii ikapita mlango ambao hakuna aliyeutazamia: kliniki ya meno. Jino lililotoboka lina tundu lisilofanana na jingine lolote, lenye pembe na mikunjo, na kijazio chake lazima kikae barabara bila upenyo. Ni tatizo lile lile la sanamu, kitu kimoja kisicho na pacha. Mwaka 1907 William Taggart, daktari wa meno wa Chicago, aliwaonyesha wenzake jinsi ya kutengeneza umbo kwa nta, kuizungushia plasta iliyochanganywa na silika, kuiyeyusha nta itoke na kusukuma dhahabu ndani kwa mgandamizo. Miaka kumi kabla yake, daktari mwingine wa meno wa jimbo la Iowa, Philbrook, alikwisha kueleza jambo hilo hilo bila kusikilizwa sana.

Kwa sanamu, kupungua kidogo hakumsumbui mtu. Kwa jino kunasumbua. Dhahabu ikipoa kutoka kuganda hadi joto la kawaida inapungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, na hiyo inatosha kuacha ufa ambamo mate na wadudu wataingia. Basi kalibu lazima iwe kubwa kuliko jino kwa kiasi kile kile. Jawabu lilipatikana kwenye silika, ambayo fuwele zake hubadili mpangilio zikipashwa moto na kupanuka ghafla. Kwartzi hufanya hivyo kwenye nyuzi 573. Ukichagua aina ya silika na kiasi chake, unaifanya kalibu ipanuke kadiri dhahabu itakavyopungua. Hapo ndipo ujuzi wa mkono, uliorithiwa na kulindwa ndani ya koo za mafundi, ulipopata vipimo na majedwali.

Miaka ya 1930 kampuni ya Austenal ya Marekani ilileta kwa mafundi wa meno aloi ya kobalti na kromi iliyoitwa Vitallium. Haishiki kutu, ni imara, nyepesi kuliko dhahabu, na ngumu mno kufuliwa au kukerezwa. Kitu cha Vitallium lazima kitoke kwenye kalibu kikiwa na umbo lake la mwisho. Vita vilipoanza, wahandisi walihitaji mapanga madogo ya tabaini zinazoendeshwa na moshi wa injini za ndege za kivita, yaani vile vibao vilivyopinda ambavyo gesi ya moto inavisukuma ili gurudumu lizunguke. Zilizofaa kwa joto hilo zilikuwa aloi ambazo nyundo haikuziweza. Wakaenda kwa watu wa meno. Kobalti yenyewe inachimbwa nchini Kongo kwa wingi kuliko kwingine kote, katika ardhi ile ile ya misalaba ya shaba.

Injini ya jeti iliongeza mateso. Kanuni ya tangu Sadi Carnot, mwaka 1824, inasema kwamba injini ya joto inatoa kazi nyingi zaidi kwa mafuta yale yale kadiri gesi yake inavyokuwa ya moto zaidi. Kwa hiyo wahandisi hawaachi kupandisha joto. Ndani ya injini za Boeing 787 za Kenya Airways na Air Tanzania, gesi inayogonga mapanga ya kwanza ya tabaini ina joto linalozidi lile la kuyeyusha metali ya mapanga yenyewe, nayo yanazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kila panga, linalotosha kiganjani, linavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 10. Haliyeyuki kwa sababu lina vijia ndani yake vinavyopitisha hewa yenye joto dogo zaidi, inayotokea kupitia matundu madogo na kulifunika kwa nje kama blanketi jembamba.

Vijia hivyo vimepindapinda. Hakuna keekee inayoweza kuvitoboa. Vinatengenezwa kwa kiini cha kauri kilichozungushiwa nta, na baada ya kusubu kiini kinayeyushwa kwa kemikali. Kielelezo cha nta kinachovywa kwenye uji wa kauri laini, kisha kinanyunyiziwa mchanga wa chenga, kinakaushwa, kinachovywa tena, mpaka ganda linenepe. Laini kwanza, chenga baadaye, kwa sababu zile zile za fundi wa kichwa cha shaba. Nta inatolewa kwa mvuke wa mgandamizo, unaoyeyusha ngozi yake ya nje haraka kabla ya nta ya ndani kutanuka na kulipasua ganda.

Kilichobaki ni tatizo ambalo wachongaji wa nta hawakuwahi kulijua. Metali ikiganda, inaanza kuganda mahali pengi kwa wakati mmoja, na kila mahali panaota fuwele yake, yenye safu za atomi zinazoelekea upande wake. Zinapokutana, hazilingani. Metali ya kawaida kwa hiyo ni mkusanyiko wa punje, na mipaka kati ya punje ni kama chokaa kati ya mawe ya matumbawe katika ukuta wa mji wa kale: ukuta ukielemewa, ufa unafuata chokaa. Kwenye joto kali atomi za mipakani zinahamahama, punje zinateleza moja juu ya nyingine, na panga linarefuka polepole mpaka liguse ukuta wa injini.

Katika miaka ya 1960, Francis VerSnyder na wenzake wa Pratt & Whitney walijibu kwa kuiondoa mipaka. Ganda linasimamishwa juu ya bamba la shaba linalopozwa kwa maji, kisha linashushwa kutoka kwenye tanuri polepole, milimita chache kwa dakika, ili metali igande kuanzia chini kwenda juu. Punje nyingi zinaanza pamoja. Juu yake kuna njia nyembamba iliyosokotwa, ambayo nayo ilikuwa kipande cha nta kilichobandikwa kwenye kielelezo, na punje moja tu ndiyo inayofanikiwa kupita. Hiyo inaingia ndani ya panga na kulijaza lote. Panga zima, kutoka shina hadi ncha, linakuwa fuwele moja ya aloi ya nikeli. Mapanga ya namna hiyo yalianza kubeba abiria mwaka 1982.

Sisemi kwamba injini ya jeti ni mtoto wa sanaa. Frank Whittle wa Uingereza na Hans von Ohain wa Ujerumani walitaka kasi na urefu angani, na fedha zilizoiendeleza zilikuwa za vita. Mashine ya mvuke ilitafutwa na watu waliotaka kutoa maji migodini. Haja ina nguvu zake, na sayansi ya fuwele isingetoka kwenye nta peke yake. Lakini haja ilipofika ikiwa na haraka yake, ilikuta kazi ngumu imekwisha kufanywa: jinsi ya kupata umbo lolote lile, likiwa wazi ndani, kwa metali yoyote inayoyeyuka. Hakuna jeshi ambalo lingegharamia miaka elfu sita ya majaribio. Waliyagharamia wafalme waliotaka nyuso za wazee wao zisisahaulike, makuhani waliotaka mataji, na mtu mmoja wa Mehrgarh aliyetaka kuning'iniza gurudumu shingoni.

Na metali si mwisho wa habari. Boeing 737 MAX za Air Tanzania zinaendeshwa na injini ya LEAP, ya aina iliyoanza kazi ya abiria mwaka 2016. Feni yake ya mbele, ile unayoiona ukipanda ngazi, ina mapanga 18 yaliyofumwa kwa nyuzi za kaboni na kugandishwa kwa utomvu wa plastiki. Njia nyingine ya kutengeneza mapanga ya nyuzi ni kubandika shuka juu ya shuka, na ndege akigonga, shuka zinaweza kubanduka. Kwenye LEAP nyuzi zinakwenda kwa urefu, kwa upana, na nyingine zinazama kutoka uso mmoja hadi mwingine, zikiyafunga matabaka yote kuwa kitu kimoja. Mtambo unaofanya hivyo ni wa kufumia, wa ukoo mmoja na ile iliyofuma mazulia na vitambaa vya mapambo.